Kitanda Kilichonuka Kondoo

Gundi ya ngozi ikichemka, nzi hawasubiri kualikwa. Wanajaa ukingoni mwa chungu, wengine wanatumbukia na kuiva humo humo, na fundi anawaopoa kwa kijiti huku anatukana. Siku ile Alois alichemsha gundi tangu asubuhi mpaka jua likamfika utosini, uvundo ukatambaa hadi kwa majirani, na hakutua hata nzi mmoja. Mbwa alinusa mara moja, akafyata mkia, akaenda kulala kwa watu wengine. Alois akafurahi kwamba anafanya kazi bila kusumbuliwa.

Huyo Alois alikuwa seremala wa Kinole, zama za Mjerumani, reli ikiwa imekwishafika mjini Morogoro na watu wa milimani wakishuka kwenda kutumbulia macho vitu vya Wazungu. Useremala aliupata misheni, kwa bruda mmoja aliyemfundisha kwamba kitanda cha heshima hakipigwi msumari. Ubao mmoja unachongwa ulimi, mwenzake unatobolewa tundu, ulimi unasukumwa tunduni mpaka ubane, gundi inapakwa, basi, wajukuu watakilalia. Maneno hayo yalimwingia kichwani yakamvimba. Majirani zake walilalia vitanda vya fito na kamba za migomba, naye akawatazama kama mtu anavyotazama kuku waliopanga mstari juu ya tawi.

Mkewe Bernadeta alikuwa na mimba yao ya kwanza, na Alois akaapa kwamba mtoto wake hatalazwa juu ya kamba. Akaangusha mvule katika shamba la baba yake, kwa ruhusa, akaupasua mbao, akaziweka juu ya dari ya jiko zikaukie moshini. Akazipiga randa. Akazisugua kwa majani ya msasa mpaka zikawa laini kama paja la bibi harusi. Kwa mbao zile hakuna wa kumlaumu. Kilichokosekana ni ngozi ya kupikia gundi. Siku zote vipande vya ngozi alivipata mjini, kwa wachinjaji, lakini sasa masika yalikuwa yamekasirika, mto umejaa, njia ya kushukia imebebwa na maporomoko, na tumbo la Bernadeta limekwishateremka.

Basi akapanda mzimuni.

Juu ya nyumba ya mama mkwe wake kulikuwa na kichaka cha miti mikubwa, mzimu wa ukoo wa Bernadeta. Mwaka uliopita mvua ilipogoma, ukoo ulichinja pale kondoo mweusi. Ngozi ikatandikwa manyoya chini, nyama ikapangwa juu yake bila hata punje ya chumvi, watu wakaondoka bila kugeuka nyuma. Wafu wa kule ndivyo wanavyopakuliwa chakula. Ngozi ndiyo sahani yao, na ikishatandikwa haiguswi tena, inaozea hapo hapo. Mlinzi wa mahali pale alikuwa mjomba wa Bernadeta, lakini askari walimchukua akabebe mizigo kwenda pwani na hakurudi. Na Alois ni mkwe tu pale, hana ukoo pale, hata majani ya kule hayamhusu. Akaikuta ngozi imekauka kama ubao. Akaikatakata, akaitia mkobani. Kwa akili yake, ngozi ni ngozi.

Kitanda kikasimama, na kilikuwa kizuri kwa macho, sitasema uongo. Mama yake Bernadeta, Magdalena, akaingia kukitazama. Sasa adabu za kule, mama mkwe na mkwe hawaongeleshani. Wakitaka kusemezana wanampitishia mtu, hata wakiwa wamebanana chumba kimoja. Alois akasimama mlangoni, mgongo ndani, uso nje.

"Bernadeta, mwambie mumeo kitanda chake kinanuka."

"Mama anasema kinanuka."

"Mwambie mama ni gundi. Itakauka."

"Mwambie gundi inayokauka haitoi jasho. Hapa kwenye pembe pameloa."

"Mwambie mama haya ni masika. Hata mbuzi wameloa."

"Mwambie masika nimeyaona mengi kuliko nywele za kichwa chake, na sijayaona hata mara moja yakitoa kamasi."

Magdalena akafuta vidole vyake ukutani, akavinusa, akavifuta tena. Alois akacheka kule nje. Bernadeta hakucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa alale pale.

Akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti. Wakamlaza juu ya mbao laini, kanga moja chini, mama yake ubavuni, na mzazi akaanza kulelewa kwa uji na maji ya moto kama kawaida.

Ilikuwa adhuhuri, mvua imepumzika kidogo, Bernadeta kasinzia. Alipoamka akakuta kichwa cha mtoto kimeloa. Nywele zote zimelala upande mmoja, kutoka kisogoni kwenda kwenye paji la uso, kama za ndama aliyetoka kulambwa na mama yake. Akadhani mtoto kacheua. Akapangusa kwa upindo wa kanga, na upindo ukavuta uzi mrefu wa ute usiokatika, wenye harufu ya mafuta ya kondoo yaliyochacha. Akausokotea kidoleni ndipo ukakatika. Kesho yake adhuhuri, vilevile. Na siku iliyofuata, mpaka mgongoni, mpaka katikati ya vidole vya miguu.

Kisha akasikia mlio. Amefumba macho lakini hakulala, na mlio ulitoka chini yake, ndani ya mbao, mlio wa mzee asiye na meno anayefyonza uboho katika mfupa. Halafu kitu kipana, cha moto, cha kukwaruza kama jani la msasa, kikampanda Bernadeta kutoka begani, kikapita shingoni taratibu, kikafika nyuma ya sikio, kikasita. Kikatema. Ptu! Kohozi la rangi ya majivu likaanguka sakafuni kando ya kitanda, likatetemeka pale kama ini bichi.

Bernadeta akapiga yowe ambalo hata Alois aliacha randa.

Magdalena alipofika hakulitazama kohozi. Alimfunua mtoto. Ngozi ya mapajani ilikuwa imekonda, inang'aa, nyekundu, mishipa inaonekana kama mizizi chini ya maji, na ukimgusa alikuwa anateleza kama samaki aliyeparuliwa magamba. Hata kulia hakulia vizuri. Alikuwa anafungua kinywa tu.

"Mama," Bernadeta akanong'ona, "kimenionja mimi kikanitema. Kwa nini yeye hakimtemi?"

"Wewe unakula chumvi," Magdalena akasema. "Yeye bado."

Hapo ndipo kitu kilipomgonga kichwani. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu binti yake aolewe akamtazama Alois usoni.

"Wewe. Ngozi uliitoa wapi?"

Alois akamtazama mkewe ili apitishiwe swali.

"Usimtazame huyo, nimekuuliza wewe! Ngozi uliitoa wapi?"

"Kule juu," Alois akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga. "Ilikuwa inaoza bure, mama."

"Inaoza bure." Magdalena akatikisa kichwa polepole. "Sahani ya wafu umeikorogea chunguni, umeipaka kwenye pembe zote nne, halafu mwanangu kazaa, mkamlaza mtoto katikati. Uchi. Hana chumvi. Kumbe wao wafanye nini? Wamepakuliwa, wanakula!"

Mjini wangeliita jini, wangeleta ubani na kombe. Milimani wanaliita mzimu. Liite jina unalotaka, kinywa chake kinanuka vilevile.

Walimwondoa mtoto wakamlaza kwa Magdalena, juu ya mkeka mpya. Adhuhuri akaloa. Alois akajitia uanaume, akang'oa ubao wa kichwani akautupa jikoni uungue. Moto ulipoushika tu, harufu ya nyama choma ikatanda nyumba nzima, harufu nzuri kabisa, ya kutia mate, na mtoto kule mkekani akatokwa na lengelenge kutoka bega hadi kiuno. Magdalena akauchomoa ubao kwa mikono mitupu, akaurudisha kitandani, akammwagia mkwewe matusi ambayo misheni hawakuwahi kuyatafsiri. Sahani haichomwi chakula kikiwa juu yake.

Basi wakamrudisha mtoto nyumbani, Magdalena akajaribu chumvi. Akaikoroga maji mazito, akampaka mtoto mwili mzima, juu ya ngozi ile iliyochubuka, na hapo mtoto akapata sauti yake yote, akalia mpaka Alois akatoka nje akatapika mgombani. Magdalena hakusita hata kidogo. Akapaka hadi kope. Adhuhuri ile mlio haukuja. Bernadeta alilia kwa furaha, akamnyonyesha, akamwimbia.

Kesho yake ukaja mapema, na haukuwa mlio wa kulamba, ulikuwa wa kusukutua, wa mashavu yanayojazwa na kutolewa, na mbele ya macho yao wote, mchana kweupe, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, ute wa moto ukaanza kumtiririka kutoka utosini, mwingi, wa kijivu, wenye mapovu na vinyoya vyeusi, ukamshuka shingoni, ukamjaa makwapani, ukamwosha chumvi punje kwa punje, na kila ulipomwosha ukanyonywa nyuma na kutemwa, ptu, ukutani, ptu, sakafuni, ptu, kwenye uji wa mzazi, kama mpishi anavyoroweka nyama ya chumvi na kumwaga maji yake na kuroweka tena, mpaka mtoto akabaki safi, mweupe wa midomo, laini, tayari, na Bernadeta akiwa amemkumbatia kwa nguvu zote huku mikono yake inateleza na haipati pa kushika.

Kisha kikaacha. Kilikuwa kimemaliza kuosha. Chakula chenyewe kingeliwa kesho.

Magdalena akatuma mtu akamwite Pazi.

Kila ukoo una watani wake. Mtani ndiye anayewaoshea maiti na kuwachimbia kaburi, na msibani anawatukana mkiwa mnalia, na hamruhusiwi kukasirika. Hata wafu wenu hawaruhusiwi. Mtani akikuta kitu chenu anapora, na akipora ni chake mpaka mkikomboe kwa kuku au kwa pombe. Pazi alikuwa mtani wa ukoo wa Bernadeta, mzee mwembamba, Mwislamu wa kule chini kuelekea Ngerengere, meno yameoza kwa ugoro. Alifika asubuhi kwa njia ya upande wa pili wa mlima, ametembea usiku kucha, matope hadi magotini.

"Hodi humu! Nyie wala ndizi mbichi bado hamjafa tu?"

"Tungekufa ungewahi kufika, fisi we," Magdalena akajibu. "Harufu ya ubwabwa unaisikia toka kwenu."

"Ubwabwa wenu nani anautaka? Mnapika na kamasi. Na wewe, Magda, umezeeka mpaka unafanana na..."

Hakumaliza. Alikuwa ameingia ndani. Pua ikamcheza. Akakitazama kitanda, akautazama ukuta uliotapakaa, akamtazama mtoto, na utani ukamtoka usoni.

"Nani kapika sahani?"

Wakamwambia. Alois alikuwa amejikunyata mlangoni. Pazi hakumsemesha hata tusi. Kwa mtani, hiyo ndiyo dharau ya mwisho.

"Nitapora," Pazi akasema. "Mimi tu ndiye ninayeweza kutia mkono kwenye sahani yao nikatoka nao. Lakini nisikilizeni. Hiki hakikombolewi. Hakuna kuku wala pombe. Nikishapora ni chetu, kinalelewa kwetu, kinazikwa kwetu. Siku yoyote mmoja wenu atakapomwita 'mwanangu', au 'mjukuu wangu', mtakuwa mmemrudisha kwenye ngozi, na mimi sirudi mara ya pili."

"Nitamnyonyesha tu," Bernadeta akasema. "Nitashuka kwenu, nimnyonyeshe."

"Binti yangu kule ana wa kwake kifuani. Atanyonyesha wawili."

"Mama, mwambie..."

"Nimwambie nini?" Magdalena akasema. "Mtoto wa watu aliye hai, au wetu aliyebaki mifupa. Chagua, Bernadeta. Na uchague upesi, jua linapanda."

Bernadeta akamtazama mtoto. Mtoto hakuwa hata na nguvu ya kumtazama yeye. Akamtoa.

Wakamlaza juu ya kitanda, uchi, katikati. Pazi akanawa mikono kama mgeni aliyekaribishwa mezani, akaketi ukingoni, akakunja miguu. Ukungu ukashuka mlimani ukafunga mlango. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na mvua. Pembe za kitanda zikaanza kutoa jasho, kisha kuchuruzika, kisha mbao zikalainika na kunywea chini ya mtoto kama ufizi, na uvundo ukapanda mzito mpaka Bernadeta akaonja mafuta ya kondoo kwenye ulimi wake mwenyewe. Tumbo la mtoto likabonyea. Hakuna mkono ulioonekana, lakini ngozi ilibonyea, ikavutwa juu, ikaachiwa, kama mtu anayechagua wapi aanze.

"Bismillahi," Pazi akasema. "Sogeeni kidogo, mnakula kama nguruwe. Kizee we! Ulikuwa mchoyo ukiwa hai, mpaka leo hujaacha? Mwili wako niliuosha mimi, nakukumbuka, hata makalio hukuwa nayo."

Mbao zikanguruma. Pazi akatia mkono chini ya mgongo wa mtoto, na kitu kikaukamata mkono ule, kikaufyonza, na Pazi hakupiga kelele, alizidi kutukana, akataja minyoo yao na upumbavu wao na harufu ya vikwapa vyao, huku jasho linamtoka na sauti inampanda, akawa anauvuta mkono polepole pamoja na mtoto, na kila shubiri aliyoipata ilitoa mlio wa matope yanayoachia mguu.

Ndipo kikasema. Kilisema kwa sauti ya kike, ya kikongwe, kinywa kimejaa.

"Wa nani huyu?"

"Wangu!" Pazi akasema. "Nimepora!"

Kikacheka, na cheko lenyewe lilikuwa na maji. Kile kitu kipana cha moto kikampanda Bernadeta pale aliposimama, kutoka kifundo cha mguu, gotini, tumboni pale mtoto alipokaa, matitini palipokuwa pamelowa maziwa, na hapo hakikutema, hapo kilikaa, kikalamba taratibu, na kikamwuliza yeye, sikioni, kwa upole kama bibi anavyomwuliza mjukuu.

"Wa nani?"

Magdalena akafumba macho. Alois akafungua kinywa, na Magdalena, bila kufumbua, akamziba kwa kiganja.

"Simjui," Bernadeta akasema.

"Sema."

"Simjui mtoto huyo. Sikumzaa mimi. Ni wa watu."

Pazi akaanguka chali sakafuni, mtoto juu ya kifua chake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevuliwa ngozi kuanzia kwenye kifundo, kama kiazi kilichochemshwa kinavyovuliwa ganda. Akainuka na mtoto, akapita mlangoni, akaingia kwenye ukungu bila kuaga, maana mwizi haagi. Kilio cha mtoto kilisikika mpaka kwenye kona ya njia, kikubwa, cha njaa. Bernadeta alisimama pale pale, maziwa yanamdondoka kwenye mbao, na kila tone lilipodondoka halikuwahi kutambaa. Lilikwenda, limenyonywa.

Magdalena akampa Alois nyundo. Viungo vikaachana kwa mlio wa midomo inayobanduka. Alichemsha kila ulimi na kila tundu mpaka gundi yote ikatoka, akaubeba uchafu ule mwenyewe kichwani, akaumwaga mzimuni, akarudi bila kugeuka. Hakufa. Watu wa namna yake hawafi. Alishuka Morogoro, akapata kazi ya kupigilia mataruma ya reli, akaoa mwanamke wa Mafiga.

Masika kadhaa yakaja na kwenda. Siku moja ya gulio binti wa Pazi alipanda Kinole na uduvi na chumvi, na nyuma yake mtoto wa kiume, mrefu, magoti yana vidonda, tayari ana mdomo. Bernadeta alikuwa anauza ndizi. Mtoto akasimama mbele ya chano, akamwangalia kutoka juu hadi chini. Alikwishafundishwa kwamba hawa ni watani, na mtani haamkiwi kwa heshima.

"Ndizi gani hizi? Zimepinda kama miguu yako!"

Watu wakacheka. Bernadeta akamtazama. Hakukuwa na maneno mengine yaliyoruhusiwa kati yao, isipokuwa haya.

"Ondoa uso wako hapa," akasema, "unaziozesha. Kichwa kama kinu. Nani alikunyoa, panya?"

Mtoto akafurahi mno. Akatafuta tusi kubwa zaidi, akaliona.

"Na wewe matiti yako kama mifuko ya tumbaku ya babu! Nani kayamaliza?"

Gulio zima likaangua kicheko. Binti wa Pazi peke yake hakucheka. Alikuwa ameganda na kibaba cha chumvi mkononi, anamtazama Bernadeta kinywani.

Bernadeta akafungua kinywa. Jibu lilikuwa limekwishafika ulimini. Akalimeza, likashuka kama mwiba wa samaki.

"Panya huyo huyo," akasema. "Haya, toka, mtoto wa watu. Unanikimbizia wateja."